Namna ya kuanza kazi ya kupandikiza meno kwa kuifuata njia ya George Zarb

Daktari wa meno anayetaka kupandikiza meno siku hizi huanza kwa kuuziwa vifaa. Anakabidhiwa sanduku la keekee, mashine ya kutoboa na mafunzo ya siku mbili tatu, kisha anaambiwa kwamba yuko tayari kwa mgonjwa. George Zarb, daktari wa meno mzaliwa wa Malta aliyefanya kazi kwa sehemu kubwa ya maisha yake katika Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, aliingia kwa mlango mwingine kabisa. Alipopata habari za madai makubwa kutoka Sweden, kwamba mfupa wa taya unaweza kukishika kipandikizi, yaani mzizi bandia wa titani unaobeba jino, hakuyakataa wala hakukimbilia kuyatangaza, bali aliyarudia kwa wagonjwa wake mwenyewe, akahesabu vipandikizi vilivyoshika na vilivyotoka, na baada ya hapo ndipo alipowaita wenzake waje wasikilize. Naandika mwongozo huu kwa sababu naamini kwamba mlango ule ndio salama kwa anayeanza leo, na zaidi ya yote ndio salama kwa mgonjwa anayefungua kinywa chake mbele yetu.

Mwongozo unamlenga daktari wa meno aliyesajiliwa, anayejua kung'oa jino, kushona ufizi na kusoma picha ya eksirei. Hauwezi kuchukua nafasi ya mwalimu anayesimama kando yako na kuushika mkono wako unapokosea.

Anza na meno bandia

Zarb alisoma udaktari wa meno Malta, akaendelea na masomo ya juu Marekani katika vyuo vikuu vya Michigan na Ohio State, na huko Toronto fani yake ilikuwa meno bandia. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Mtu aliyetumia miaka akiwatengenezea wazee meno bandia ya taya zima anajua maumivu ambayo daktari wa upasuaji peke yake huenda asiyaone: mfupa wa taya ukishakosa meno huyeyuka mwaka hadi mwaka, na taya la chini ndilo linaloumia zaidi, mpaka ile kingo iliyokuwa inakaliwa na jino bandia inabaki bapa, na jino lenyewe linaelea juu ya mate kila mgonjwa anapozungumza.

Kwa hiyo, kabla hujagusa keekee, tengeneza meno bandia kamili ya kutosha, ukiyafuatilia wewe mwenyewe na si kuyaachia maabara tu. Mwombe mgonjwa ayatoe, pitisha kidole juu ya kingo ya taya la chini, na usikie mahali ilipo nene na mahali ilipobaki kama wembe. Muulize anakula nini na ameacha kula nini. Mtu akikuambia kwamba hajatafuna hindi la kuchoma wala kipande cha muwa kwa miaka kumi, au kwamba kwenye arusi hukaa mbali na meza ya chakula ili asionekane, amekupa kipimo ambacho picha ya eksirei haiwezi kukupa, na ndicho utakachorudi kukiuliza matibabu yatakapokwisha.

Faida nyingine ya kuanza hapa ni kwamba utajifunza kupanga kutoka juu kwenda chini. Kwanza meno yapangwe kwenye nta na kujaribiwa kinywani, mgonjwa atabasamu, atamke maneno, afunge taya. Mahali pa jino pakishajulikana, ndipo utafute mahali pa kipandikizi chini yake, na kutoka mpangilio huo utengeneze kielekezi cha plastiki kitakachoiongoza keekee. Anayefanya kinyume, akatoboa palipo na mfupa mwingi kisha akamwachia fundi wa maabara kuhangaika, atapata kipandikizi kilichoshika vizuri mahali ambapo hapana jino linaloweza kukaa.

Elewa kilichogunduliwa Sweden

Per-Ingvar Brånemark hakuwa daktari wa meno. Alikuwa daktari wa tiba na mtafiti, baadaye profesa wa anatomia mjini Gothenburg, na mwanzoni mwa miaka ya 1950, akiwa Lund, alikuwa akichunguza jinsi damu inavyotembea ndani ya mfupa ulio hai. Alipachika kichumba kidogo cha titani chenye kioo kwenye mfupa wa mguu wa sungura, akatazama kwa hadubini. Utafiti ulipokwisha, alitaka kuvitoa vile vichumba avitumie tena, kwa kuwa vilikuwa ghali, lakini havikutoka. Mfupa ulikuwa umeota mpaka kwenye uso wa titani, ukaushika.

Ukitaka kuelewa kwa nini jambo hilo lilikuwa kubwa, kumbuka vipandikizi vilivyokuwa vikitumika wakati huo na hata baadaye, vikiwemo vile vya umbo la wembe ambavyo Leonard Linkow wa New York alivisambaza kuanzia miaka ya 1960. Mara nyingi kati ya chuma na mfupa palijitokeza utando wa nyuzinyuzi, na kulikuwa na walioamini kwamba utando huo ni mzuri, eti unafanya kazi kama kano za jino la asili. Brånemark alishikilia kwamba mfupa unaweza na unapaswa kugusana na titani moja kwa moja, na hali hiyo ya kushikana ndiyo iliyokuja kuitwa oseointegresheni. Mwaka 1965 alimtibu mgonjwa wa kwanza, mwanamume aliyezaliwa na taya lenye kasoro na asiyekuwa na meno ya chini, kwa kumwekea vipandikizi vinne. Mtu huyo alifariki mwaka 2006, akiwa bado anavitumia.

Hadithi hiyo hupendwa sana kwenye mihadhara, nami naipenda, lakini mgonjwa mmoja si ushahidi. Soma takwimu. Ripoti ya Gothenburg ya mwaka 1981 ilieleza kazi ya miaka 15, yaani 1965 hadi 1980: wagonjwa 371 waliofuatana, mataya 410, vipandikizi 2,768. Ukiisoma, jizoeze kuuliza maswali haya. Je, hawa ni wagonjwa wote waliofika, au ni wale waliochaguliwa kwa sababu walifanikiwa? Neno "waliofuatana" linajibu. Je, matokeo mazuri yanatoka katika kipindi cha kujifunza au baada ya mbinu kutulia? Waandishi waliwatenga wagonjwa wa kipindi ambacho mbinu ilikuwa imeshakaa sawa, wakaonyesha kwamba baada ya miaka 5 hadi 9 vipandikizi vilivyobaki imara vilikuwa asilimia 81 katika taya la juu na asilimia 91 katika taya la chini. Madaraja ya meno, yaani safu za meno bandia zilizofungwa juu ya vipandikizi, yaliyobaki imara wakati wote yalikuwa asilimia 89 juu na 100 chini. Hapo kuna masomo mawili yanayopaswa kukaa kichwani mwako: mfupa wa taya la juu ni laini na hausamehe, na daraja linaweza kudumu hata kipandikizi kimoja kikipotea, iwapo tangu mwanzo uliweka vya kutosha na kuvipanga vizuri.

Rudia mwenyewe kabla ya kufundisha

Mwaka 1979 Zarb alianza Toronto utafiti wa kuirudia kazi ya Gothenburg. Wagonjwa wake walikuwa watu wasio na meno ambao walikuwa wameshindwa kabisa kuyazoea meno bandia ya kawaida, na hakuwachagua kwa wepesi wa kutibika. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1990 yalihusu wagonjwa 46 na vipandikizi 274, na kati ya hivyo 244 vilikuwa vimefaulu, takribani asilimia 89. Idadi hiyo ni ndogo, na uzuri wake uko hapo hapo. Ni kazi ambayo kliniki ya kawaida ya chuo inaweza kuifanya, mradi kila mgonjwa aandikwe na asiachwe.

Nawe rudia, kwa ngazi. Nenda buchani ununue mbavu za ng'ombe zenye upana, uzifunge kwenye jiliwa, utoboe matundu yasiyopungua thelathini kabla ya kumgusa mtu. Utasikia kwa vidole jinsi keekee inavyogoma kwenye ganda gumu la nje, kisha inavyotumbukia ghafla ikifika kwenye sponji ya ndani. Huko kutumbukia ndiko kunakomtoboa mgonjwa kwenye neva asipoangaliwa. Toboa tundu moja bila maji, ukikandamiza, kisha unuse. Harufu ile ya mfupa ulioungua usiisahau. Baada ya hapo kaa msaidizi wa daktari mzoefu kwa upasuaji mwingi kadiri atakavyokuruhusu, ukiwafuatilia wagonjwa wake wanaporudi kushonolewa na wanaporudi baada ya miezi sita, maana anayehudhuria siku ya upasuaji tu hujifunza nusu ya kazi.

Kwa wagonjwa wako wa kwanza, chagua taya la chini lisilo na meno, sehemu ya mbele iliyo kati ya matundu mawili ambayo neva za kidevu hutokea. Mfupa hapo kwa kawaida ni mgumu na neva iko mbali. Vipandikizi viwili vinavyoshikilia meno bandia ya kutoa na kuvaa vinaweza kumrudishia mzee uwezo wa kula bila kumfilisi, na vinakufundisha karibu kila hatua. Jino moja la mbele la juu kwa msichana mwenye tabasamu pana linaonekana kazi ndogo, lakini ni mtihani mgumu ambao hupaswi kuuanza nao.

Mpime mtu mzima, si taya peke yake. Kisukari kisichodhibitiwa, uvutaji wa sigara, mionzi iliyowahi kupigwa kichwani au shingoni, na dawa za kuzuia mifupa kuyeyuka, hasa zile zinazotolewa kwa mshipa kwa wagonjwa wa saratani, vyote vinaweza kuharibu uponaji wa mfupa, na baadhi vinatosha kukufanya ukatae kabisa. Ugonjwa wa fizi utibiwe kwanza, na mgonjwa aonyeshe kwa miezi kadhaa kwamba anaweza kusafisha kinywa chake.

Siku ya upasuaji

Nitatumia nafasi zaidi kwenye joto, kwa sababu ndilo kosa lisiloonekana. Mwaka 1983 watafiti Eriksson na Albrektsson, pia wa Gothenburg, walitumia mbinu ile ile ya kutazama mfupa hai wa sungura kwa hadubini, safari hii wakiupasha moto kwa kipimo. Waligundua kwamba nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika moja ndio ukingo. Zaidi ya hapo mfupa huanza kufa na nafasi yake kushikwa na mafuta. Nyuzi 47 ni joto ambalo kidole chako kinaweza kulivumilia. Hutaona moshi, mgonjwa hatahisi kitu kwa sababu amechomwa sindano ya ganzi, kipandikizi kitaingia kikiwa kimekaza vizuri, utampongeza, na baada ya wiki kadhaa kitaanza kucheza.

Kwa hiyo tumia keekee kali, uzibadilishe zikishafikia idadi ya matumizi aliyoitaja mtengenezaji. Panda ukubwa hatua kwa hatua, bila kuruka saizi. Wacha maji safi ya chumvi yaliyopoozwa yamwagike kwenye tundu muda wote. Usisukume mfululizo, bali ingia na kutoka, ingia na kutoka, ili maji yafike chini na unga wa mfupa utoke. Unga huo ukitoka mweupe au na wekundu wa damu uko salama, ukitoka wa kahawia simama. Mwendo wa mashine kwa mifumo mingi ya leo ni kati ya mizunguko 800 na 1,500 kwa dakika wakati wa kutoboa, na wakati wa kukata hesi ndani ya mfupa mgumu ni polepole mno, mizunguko 15 hadi 20. Mahali ambapo umeme hukatika, na wengi wetu tunafanya kazi mahali kama hapo, hakikisha mashine na pampu yake ya maji vimeunganishwa kwenye betri ya akiba, na usianze tundu la kwanza hadi msaidizi wako ameijaribu betri hiyo mbele yako.

Vipimo vya nafasi havina mjadala kwa anayeanza: milimita 1.5 kutoka jino la jirani, milimita 3 kati ya kipandikizi na kipandikizi, na angalau milimita 2 juu ya mfereji wa neva ya taya la chini. Kipandikizi chenyewe kisiguswe na glavu, mate wala ufizi. Kitoke kwenye kichupa chake kiende moja kwa moja kwenye mfupa.

Subiri

Katika mbinu ya awali ya Brånemark, ambayo Zarb aliifuata Toronto, ufizi ulishonwa juu ya kipandikizi, kikaachwa kimefunikwa kwa miezi isiyopungua mitatu katika taya la chini na takribani sita katika taya la juu, ndipo upasuaji mdogo wa pili ukafanyika ili kukifunua na kufunga kiungo cha juu. Tangu wakati huo mambo yamesogea. Huko Bern, Uswisi, daktari wa meno André Schroeder alionyesha kuanzia miaka ya 1970 kwamba kipandikizi kinaweza kushika hata kikiachwa kichwa chake nje ya ufizi, na nyuso za titani zilizokwaruzwa kitaalamu zimefupisha muda wa kungoja. Wapo pia wanaofunga meno siku hiyo hiyo kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa makini.

Wewe subiri. Kipandikizi kinachotikiswa kidogo kidogo kila mlo kabla mfupa haujakishika huishia kwenye ule utando wa nyuzinyuzi ambao Brånemark alikuwa akiukimbia. Mwambie mgonjwa hivyo kabla hajalipa chochote, umwandikie tarehe kwenye karatasi, na umpe meno bandia ya muda yaliyochimbwa kwa ndani na kuwekewa tabaka laini ili yasikandamize kidonda. Wengi hukubali kungoja wakielezwa. Wanaogomba ni wale walioahidiwa kwamba wataondoka na meno jioni hiyo.

Fungua daftari

Mwaka 1986 Zarb alikuwa miongoni mwa waandishi wanne, pamoja na Albrektsson, Worthington na Eriksson, waliopendekeza vigezo vya kukiita kipandikizi kimefaulu. Kila kimoja kikipimwa peke yake kisicheze. Picha ya eksirei isionyeshe mstari mweusi kukizunguka. Baada ya mwaka wa kwanza mfupa usipungue zaidi ya milimita 0.2 kwa mwaka. Pasiwe na maumivu, usaha, ganzi ya kudumu wala kuumizwa kwa mfereji wa neva. Na kwa jumla, asilimia 85 vifaulu kwa miaka 5 na asilimia 80 kwa miaka 10, angalau. Leo tunatarajia zaidi ya hapo, lakini sijaona vigezo vilivyoandikwa kwa uwazi unaozidi ule.

Ili uweze kuvitumia, fungua daftari la vipandikizi, la karatasi au la kompyuta, lisilochanganywa na faili za wagonjwa wengine. Kila kipandikizi kipewe mstari wake: tarehe, mahali, kipenyo, urefu, namba ya toleo, ugumu wa mfupa ulivyousikia, nguvu ya kukaza kwa Newton-sentimita, na jina la aliyekiweka. Bandika kile kibandiko kinachokuja na kifurushi. Kisha acha nafasi ya kila mwaka, kwa picha iliyopigwa kwa pembe ile ile, ili milimita zilinganishike. Kilichotoka kiandikwe siku kilipotoka, pamoja na sababu unayoidhani, na mgonjwa aliyepotea ahesabiwe kuwa amepotea, asihesabiwe kuwa amefaulu. Hili la mwisho ndilo linalotushinda wengi, kwa sababu daftari la kweli linaumiza. Lakini mtu aliyeandika 30 vilivyoshindwa kati ya 274 ndiye aliyeaminiwa.

Mkutano ambao Zarb aliuitisha Toronto mwaka 1982 ulikuja baada ya kazi ya namna hiyo. Timu ya Sweden ilileta takwimu zake mbele ya wataalamu wa vyuo vya Amerika Kaskazini, na vyuo vilialikwa kuleta mtaalamu wa upasuaji pamoja na mtaalamu wa meno bandia, kwa kuwa mmoja bila mwenzake angerudi nyumbani na nusu ya elimu. Kama huna mwenza wa aina hiyo katika mji wako, mtafute sasa, kabla ya mgonjwa wa kwanza. Mkutane mara moja kwa mwezi, kila mmoja na daftari lake, na muanze na vilivyoshindwa.

Mgonjwa naye apewe kadi ya kuweka pamoja na kadi yake ya hospitali, yenye aina ya kipandikizi, kipenyo, urefu, tarehe na aina ya bisibisi inayofungua skrubu yake. Siku moja atahama, au wewe utahama, na daktari mwingine atahitaji kuikaza skrubu iliyolegea bila kubahatisha.